Nilimfukuza Deus kwa sababu ya kikohozi, Musoma ikaninyoosha

Wakuu, salamu kutoka Buzuruga, Mwanza.

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Marahaba.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi. Waliokuwepo wote wako hai, wana simu, na wawili najua wanasoma humu kimya kimya. Nikiongeza chumvi watanirukia hapa hapa mbele yenu.

Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Mwenye digrii asihangaike kunisahihisha herufi, atulie asome.

Mwaka 1977, nikiwa na miaka kumi, ng'ombe wa baba walikwisha kwa ugonjwa. Nikatolewa shule darasa la tatu, nikapelekwa Kisesa kwa mjomba aliyekuwa na mashine ya kusaga. Nililala juu ya magunia, nikafagia pumba, nikala nilichobakiziwa.

Shule sikuirudia tena mpaka leo.

Lakini ile mashine ndiyo ilinifundisha kuimba. Mnaojua mashine mtanielewa. Ukiiwasha, ikishashika mwendo na mahindi hayajaingia, inatoa mlio mmoja usioyumba. Mmmmmm. Mimi nilikuwa nasimama pembeni yake na kuimba chini ya ule mlio. Sauti yangu ilipovunjika, ikavunjikia humo humo. Nikawa bass.

Wenzangu wa kanisani walifundishwa do re mi ubaoni. Mimi nilifundishwa na injini ya dizeli.

Nilipokuja kununua mashine yangu mwenyewe, desturi ikabaki ile ile. Kila asubuhi naiwasha tupu, nasimama dakika moja, nachukua ule mlio, naweka kifuani. Natembea nao siku nzima. Hata nikiwa safarini siku tatu, nne, ninao.

Sasa tuje kwenye kundi.

Tuko wanaume watano. Tunaimba mdomo mtupu, hakuna kinanda, hakuna gitaa, hakuna ngoma. Ndiyo hiyo mnayoita acapella. Watu wa Kirumba wametubatiza Wazee wa Mdomo, ingawa mzee ni mimi peke yangu.

Mimi sauti ya nne. Nyanda na mdogo wake Shija wanashika ya tatu. Deus ya pili, huyu anauza dagaa pale soko la Mwaloni. Masatu sauti ya kwanza, kijana wa Musoma, Mjita, fundi seremala. Masatu akipanda juu mnaweza kuangalia dari mkidhani sauti inatokea huko.

Na mimi ndiye mtoa key.

Kwa wasiojua: kundi lisilo na chombo lazima mtu mmoja atoe sauti ya kuanzia. Anaguna kidogo, mmm, wengine wanachukua hapo, kila mtu anakwenda sehemu yake. Akikosea huyo, mmekosea wote. Akianza juu mno, sauti ya kwanza anakwama katikati ya wimbo na hakuna pa kushukia.

Kwa miaka yote key nilitoa mimi. Sikuwahi kuuliza mtu kama iko sawa. Ningeuliza nani? Kundi nimelianzisha mimi, nauli nyingi nimetoa mimi, Deus nimemtoa kwenye kubeba viroba nikamfundisha kusimama mbele za watu.

Ngoja nimhudumie mteja, narudi.

Nimerudi.

Mimi ni mtu nisiyetulia. Mama Kulwa, mke wangu, anasema nilizaliwa njiani. Nikikaa wiki moja bila safari, nyayo zinawasha. Leo msiba Magu, Sabato ijayo harusi Kisesa, nyingine tuko kwenye makambi ya kanisa Bunda. Tukifika sehemu nauliza tunaondoka lini. Tukiondoka nauliza tunafika saa ngapi. Hivyo ndivyo nilivyo, na kundi lilinizoea.

Lakini kuna kitu kilianza kunitia kiwewe. Deus alikuwa na kikohozi.

Kikohozi chenyewe cha ajabu. Njiani hakohoi. Kwenye kula hakohoi. Tukisimama mbele, nikitoa key, kabla hatujafungua mdomo: khm, mmhm. Kila wimbo! Nilimnunulia asali ya Tabora. Nilimletea tangawizi. Nilimwambia aache kuuza dagaa kwa sababu ya vumbi, akacheka.

"Mzee, dagaa ndiyo ada ya watoto."

"Na kifua ndiyo uhai wako."

"Kifua changu kizima, mzee."

"Kila mgonjwa husema hivyo."

Hali hiyo ilienda zaidi ya miaka miwili. Halafu ikaja harusi ya Kisesa.

Hapa nicheke kidogo. Tulifika ukumbini, MC akaja mbio, kijana mwenye koti linalong'aa kama sufuria mpya.

"Wazee wangu, flash iko wapi?"

"Flash ya nini?"

"Ya biti. Nimpe DJ."

"Biti tunayo mdomoni."

Akaniangalia kama nimemwambia nimekuja na punda. Akaenda kunong'ona na DJ. Tunapanda tu jukwaani, DJ akatuwekea ngoma zake, dunda dunda, kwa huruma! Alidhani tumesahau flash na tunaona aibu kusema. Nikamnyooshea kidole. Akazima.

Ukumbi ukawa kimya. Watu mia kadhaa, maharusi mbele, wazazi pembeni. Nikatoa key.

Deus akakohoa. Safari hii mic ilikuwa mdomoni kwake.

KHM, MMHM. Ukumbi mzima kwenye spika!

MC hakukosa: "Jamani mpeni maji huyo mzee asije akatufia kabla ya keki!"

Watu wakaangua kicheko. Bibi harusi naye, na shela lake. Tukaimba, tukashangiliwa vizuri tu, lakini masikio yangu yalibaki kwenye kile kicheko. Nimezunguka mikoa yote ya ziwa hili, sijawahi kuchekwa.

Tuliposhuka nikamwita nyuma ya ukumbi, wenzake wakiwepo.

"Deus, Musoma huendi mpaka uniletee karatasi ya daktari."

Musoma ilikuwa baada ya wiki tatu. Makambi, siku ya kufunga, na sisi ndio tulioombwa kuimba Sabato mchana. Kwa Masatu ilikuwa zaidi ya mwaliko. Mama yake anakaa kule, mtu mzima sana, na hakuwa amewahi kumsikia mwanae akiimba na sisi hata mara moja. Kijana alikuwa ameshona suruali mpya kwa ajili ya siku hiyo. Kila tukikutana anasema, "Mama ameomba kiti cha mbele."

Deus hakubisha. Aliwaangalia wenzake, mmoja mmoja. Nyanda akaangalia viatu. Shija akaangalia simu. Masatu akafungua mdomo, akaufunga.

Mimi nikaliona lile tendo. Nikasema moyoni, hapa kuna kitu wananificha.

Baada ya siku nne Deus akaja mashineni na bahasha. Amepiga X-ray, amepima makohozi. Kifua safi kabisa. Akasimama pale anatabasamu, akidhani yamekwisha.

Wakuu, mimi ndipo nilipochemka.

"Kumbe huumwi?"

"Siumwi mzee, nilikwambia."

"Basi unakohoa kwa makusudi."

Akaishusha bahasha.

"Nakuuliza. Unakohoa kwa makusudi?"

"Mzee..." Akatazama chini. "Ndiyo mzee."

"Kila nikitoa key?"

"Ndiyo mzee."

Sikumuuliza kwa nini. Hapo ndipo kosa langu lilipo na ninalikiri hadharani. Mtu akikujibu ukweli, swali linalofuata ni kwa nini. Mimi nikajijibu mwenyewe: dharau. Anataka kunipoteza mbele za watu ili yeye awe kiongozi. Nikamwambia achukue bahasha yake na asikanyage tena mazoezini.

Akachukua. Akasema, "Shikamoo mzee." Ndiyo, aliniamkia wakati wa kuondoka. Akapita kwenye jua na bahasha yake kubwa ya X-ray.

Mama Kulwa alikuwa anapepeta mahindi pembeni. Akapepeta tu, kwa nguvu kuliko kawaida.

Wiki zile sikukaa chini. Nilikwenda Kisesa bila shughuli, nikarudi. Nilikwenda Igoma kuangalia mkanda wa mashine ambao sikuuhitaji. Usingizi ulikuja vipande vipande. Nilisema ni hamu ya safari.

Tukaondoka Buzuruga Alhamisi, sisi wanne, na Noah yangu. Tulipanga kulala Magu, tuimbe na waumini wa pale jioni, Ijumaa tuingie Musoma.

Magu tukaimba nyimbo tatu. Nilitoa key, hakuna kikohozi, nikafurahi. Safi! Kimya kizuri kama maji ya kisima.

Lakini wimbo ukawa haukai. Masatu mishipa ilimtoka shingoni. Bass yangu mwenyewe ilikuwa nyembamba, inaelea, kama kijana wa form two. Nikasema ni uchovu wa njia. Shija akasema sauti ya pili imepungua ndiyo maana. Nikamwambia anyamaze.

Asubuhi Masatu akawa anasukutua maji moto na chumvi. Njia nzima, Lamadi, Bunda, anashika koo. Sehemu moja ziwa linaonekana vizuri upande wa kushoto, huwa tunaimba tukifika pale. Safari hii hakuna aliyeanza. Nami nikawa nabadilisha gia bila sababu.

"Masatu, koo linasemaje?"

"Litafunguka mzee."

"Mama yako ameshapata kiti?"

"Amekaa tangu jana," akasema. Tukacheka kidogo. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka.

Sabato mchana. Turubai kubwa, watu wamejaa mpaka kwenye mawe huko nje. Mama yake Masatu mbele kabisa, kitenge cha kijani, fimbo imelala magotini.

Nikachukua mlio wangu kifuani. Nikatoa key.

Ubeti wa kwanza ukapita kwa kuchechemea. Kiitikio, Masatu akapanda. Ubeti wa pili akapanda tena, na pale pa juu kabisa, pale ambapo watu huangalia dari, sauti ikakatika. Si kuyumba. Ilikatika, kama uzi. Akajaribu kuirudia, ikatoka hewa.

Akanyamaza. Nyanda na Shija wakanyamaza. Nikabaki mimi peke yangu na bass yangu nyembamba kwa maneno kama matatu, halafu nami nikaacha.

Wakuu, mimi nimewahi kulala njaa. Ile nilivumilia. Kimya cha Musoma kilinishinda. Masatu alikuwa ameangalia suruali yake mpya, machozi yanamtoka, na mama yake hapo mbele hatua tano.

Ndipo yule mama akaanza wimbo.

Alikaa hapo hapo kwenye kiti, hakusimama. Akauanza upya kutoka mwanzo, kwa sauti yake ya uzee, lakini chini. Chini sana kuliko nilipouanza mimi. Wanawake wa pembeni wakamfuata, turubai lote likafuata. Masatu akaingia, na safari hii alipopanda pale juu, akapafikia. Kwa shida, lakini alipafikia. Na mimi nikaona bass yangu imerudi kifuani.

Watu wakasema amina. Wengi walidhani ndivyo tulivyopanga.

Baada ya ibada tukaalikwa kwake. Ugali wa muhogo na sangara. Nikamwamkia, ananizidi umri mbali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani anawapa sauti ya kuanzia?"

"Mimi, mama."

Akaendelea kunawa mikono taratibu.

"Umempandisha mwanangu juu ya mti," akasema, "halafu ukaondoa ngazi."

Nikamgeukia Masatu. "Imekuwa juu?"

"Iko juu siku zote mzee." Sauti yake ilikuwa kama mlango mbovu. "Kama miaka miwili na nusu sasa."

"Mbona tulikuwa tunaimba vizuri?"

Nyanda ndiye akajikaza.

"Mzee, Deus hakuwa anakohoa. Ukishatoa key yako, yeye anasafisha koo, na kwenye lile mmhm anatoa key nyingine ya chini. Sisi tunachukua ya Deus."

"Na mimi?"

"Na wewe mzee," akasema Shija. "Unaifuata bila kujua."

Nikaliweka tonge chini.

Miaka miwili na nusu! Nilimnunulia asali mtu anayeniokoa. Nikamtuma kupima TB. Alipoleta majibu kwamba ni mzima, nikamfukuza kwa kuwa mzima.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Wakaangaliana. Mama Masatu akajibu kwa niaba yao, akivunja kichwa cha samaki. "Watakwambiaje? Wewe unaonekana mtu wa kuambiwa?"

Jumapili sikusubiri mtu. Tuliondoka mapema. Nilipofika Buzuruga nikaenda mashineni kabla ya kuingia nyumbani. Nikaiwasha tupu.

Mmmmmm.

Hapa lazima niwaambie kitu nilichopita bila kukitaja. Miaka miwili na nusu iliyopita niliachana na dizeli nikafunga mota ya umeme. Niliringa mno na ile mota, mtaa mzima ulikuja kuiangalia. Inazunguka haraka, inasaga haraka, na mlio wake...

"Inalia juu," Mama Kulwa akasema nyuma yangu. Sikujua amesimama pale. "Ile ya dizeli nilikuwa naimba nayo nikipepeta. Hii imenishinda siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

Asubuhi moja baada ya nyingine, nilikuwa nachukua mlio mpya na kuuita wa zamani. Sikio langu lilihama na mashine, mimi nikabaki nimesimama pale pale nikijiona sijahama.

Jumatatu saa nne nikawa Mwaloni. Deus alikuwa anapimia wateja dagaa. Nikasubiri juani. Mimi, nisiyejua kusubiri! Wateja watano, sita. Aliniona, akaendelea kupima. Alikuwa na haki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kifua kinasemaje?"

"Kizima."

"Nimeambiwa. Na mama yake Masatu."

Akashusha kopo. Akanitazama usoni, halafu akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyebanwa muda mrefu.

"Koo ndilo liliniuma mzee. Miaka miwili na nusu si mchezo. Nyimbo za msiba ndizo mbaya, zinafuatana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila safari nilimwambia mke wangu, leo namwambia mzee. Nikikuona umevaa lile koti lako umesimama mbele, nashindwa. Nakohoa."

"Nilikukosea."

Muuza dagaa wa pembeni, mwanamke mmoja mnene, aliacha kazi kusikiliza. Nikarudia kwa nguvu ili asikie vizuri. "Deus, mimi nilikukosea. Naomba urudi."

"Nitarudi mzee. Lakini nimechoka kukohoa."

"Hutakohoa. Key utatoa wewe, waziwazi."

"Mbele za watu? Watasema nimekupindua."

"Waseme. Mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo."

Yule mama wa pembeni akasema, "Haya, na dagaa unanunua au umekuja kuungama tu?" Nikanunua kiroba kizima.

Mwaliko uliofuata ulikuwa Kisesa tena, msiba wa jirani wa wale wale wenye harusi. Tulipojipanga, mdomo wangu uliwasha. Miaka yote mdomo huu ndio unaoanza. Nilibana meno.

Deus akanigeukia kidogo, akainamisha kichwa, "Kwa ruhusa yako mzee." Nikaitikia kwa macho. Akaguna.

Ilikuwa chini. Nikashuka nayo, na huko chini nikakuta ule mlio wa kwa mjomba, mzima, kama sikuwahi kuondoka kwenye yale magunia. Masatu akapanda juu bila mshipa kutoka. Msibani hapaangaliwi dari, lakini niliwaona wawili watatu.

Ninachowaambia wakuu, hasa wenye ofisi, wenye duka, wenye familia: angalieni nani anakohoa karibu yenu. Heshima ikizidi, watu hawakusahihishi, wanakuzunguka. Na akikubali kwamba ndiyo, ninakohoa kwa makusudi, muulize kwa nini kabla hujamfukuza. Mimi sikuuliza, aliyelipa ni kijana wa watu mbele ya mama yake.

Mliowahi kukohoa kwa ajili ya bosi, au kukoholewa kama mimi, shukeni hapa chini mseme. Matusi nitayasoma, nimezoea.

Na wale wanaopenda kuuliza mzee wa darasa la tatu ana nini, ninacho leo ni hiki:

Mashine mbili za kusaga, moja Buzuruga, moja Kisesa pale pale alipokuwa mjomba.

Nyumba ya vyumba vitano, bati la rangi.

Noah moja, nimeinunua imetumika, inatembea.

Ng'ombe kumi na wanne, Magu.

Mke mmoja anayesikia kuliko mimi.

Bass.

Key sina. Anayo Deus.